Biskuti za Mwaka Ujao

Niliolewa Jumamosi, na Jumatatu asubuhi mama yangu akanitaka kazini. Nilimweleza kwamba watu wakioana huenda fungate. Akaniuliza huko fungate kuna kazi gani ya kufanya. Hilo si swali la kumjibu mama mzazi, nikanyamaza, naye akachukulia kwamba nimekubali.

Kazi yenyewe ilikuwa kwake. Mama alikuwa na kiwanda cha biskuti, ghala moja refu lenye sakafu ya saruji na harufu ya vanila iliyoingia mpaka kwenye nywele zetu. Katikati kulikuwa na tanuri refu ambalo ndani yake ulipita mkanda wa chuma. Biskuti ziliingia mbichi upande mmoja, mkanda ukasimama, ukasogea, ukasimama tena, na zikatokea upande wa pili zimeiva, mbele ya meza yangu ya kufungia maboksi. Ofisi ya mama ilikuwa chumba cha vioo pembeni, na kutoka humo alituona wote. Sisi tulimwona pia, lakini haikutusaidia kitu.

Ndani ya chumba hicho ilikaa kompyuta. Ilikuwa nzee, imegeuka manjano kama jino, na mama aliifunika kitambaa cha kufuma kila jioni kama mtoto anayelazwa. Asubuhi kompyuta hiyo iliandikisha mahudhurio, tanuri likiwaka iliendesha mkanda wake, na kutwa nzima iligonga tarehe kwenye maboksi. Mama hakuwa na mfanyakazi wa kazi moja, na kompyuta haikupewa upendeleo.

Mume wangu ndiye aliyeandika programu zake zote. Kiwandani walimwita Fundi. Mama alimwita mkwe, kwa sauti ambayo mtu angetumia kutaja ugonjwa wa mguu. Ni mwembamba, mpole, na hajui kusema uongo. Si kwamba ni mtakatifu. Akijaribu tu kuzungusha maneno anashikwa na kwikwi. Siku ya harusi yetu mama alimwuliza kama keki aliyooka yeye ilikuwa tamu, na bwana harusi wangu akapiga kwikwi mpaka picha zikapigwa akiwa amefumba macho.

Sasa kuhusu likizo. Mama hakuiamini likizo, ila alikuwa mtu wa haki, kwa hiyo aliweka sheria: atakayemaliza mwaka mzima bila kuchelewa hata siku moja, atapata likizo. Atakayechelewa, mwaka wake unaanza upya. Kila asubuhi mama alifika wa kwanza, akaiwasha kompyuta, na kwa kuwa betri yake ndogo ya ndani ilikufa zamani, akaiandikia saa mwenyewe kwa kuangalia saa yake ya mkononi. Tarehe hakuandika. Bwana Moto, mtu wa tanuri, aliwahi kuirudisha tarehe nyuma kwa siri ili afute kuchelewa kwake, na tangu hapo mama akaagiza tarehe isiguswe na binadamu yeyote; mashine iikumbuke yenyewe na kila asubuhi iongeze siku moja. Kisha sisi tukapanga foleni, kila mtu akabonyeza namba yake, na kioo kikaandika, "Umewahi. Asante." Au kikaandika, "Umechelewa. Mwaka wako unaanza upya." Maneno hayo mama aliyatunga mwenyewe na aliyapenda sana.

Mimi nilikuwa nimebakiza kidogo kumaliza mwaka. Tulikuwa tumeshachagua nyumba ya wageni kando ya ziwa. Asubuhi moja tulitoka na mama nyumba moja, tukapanda gari moja, tukashuka mlango mmoja. Nikainama kufunga kamba ya kiatu, yeye akatangulia, akawasha mashine, akaandika saa. Nilipobonyeza namba yangu, kioo kikaniambia nimechelewa.

"Mama, tumekuja pamoja."

"Najua, mwanangu," akasema. "Lakini mimi nifanye nini? Mashine imesema."

Nilitamani kuichukua ile kompyuta na kitambaa chake niitupe kwenye tanuri. Badala yake nilikwenda kufunga maboksi, na siku hiyo nadhani niliyafunga vibaya kwa makusudi.

Kama kukosa fungate kungekuwa shida pekee, ningejikaza. Shida ni kwamba tuliishi kwa mama, chumba cha nyuma, na mama hakuwa na mahali pengine pa kupeleka mikono yake jioni ila kwenye mlango wetu. Mkikaa kula, hodi, mmefunga bomba? Mkianza kuzungumza, hodi, nguo za kwenye kamba mmeanua? Mume wangu akinishika mkono tu, hodi. Hakukosea hata mara moja. Nilianza kuamini kwamba mikono yetu ina waya unaofika chumbani kwake. Ndiyo maana niliitaka hiyo fungate kama mtu anavyotaka maji: siku chache tu za kukaa na mume wangu na kumaliza sentensi.

Basi zikaja biskuti nyeusi. Trei za kwanza za kila asubuhi zilianza kutoka zimeungua, na za baadaye ziko safi. Bwana Moto akasema ni unga. Aliyeleta unga akasema ni Bwana Moto. Mama akamwita mkwe wake na kumpa wiki moja, na jinsi alivyoitamka hiyo moja ilitosha kumtisha.

Mume wangu alikaa kitandani na kalamu na karatasi hadi akagundua, akanieleza kwa furaha isiyo na kiasi.

"Ndani ya kompyuta kuna kidude kinachobisha hodi," alisema. "Kinabisha mara kumi na nane hivi kila sekunde. Kikibisha, mashine inaacha inachofanya, inafungua mlango, inasogeza saa mbele kidogo, inarudi kwenye kazi yake palepale ilipoachia. Sisi tunaita katizo."

Mlango wetu ukabishwa. "Mmechomoa pasi?"

"Tumechomoa, Mama."

Nyayo zikaondoka. "Kama hivyo," mume wangu akasema. "Sasa mkanda wa tanuri unaongozwa kwa kuhesabu hodi hizo. Hodi kadhaa zikipita, sogea. Lakini mtu akichelewa asubuhi na akabonyeza namba yake, mashine inajifungia ndani kuandika kosa lake, na kwa muda huo haifungui mlango. Hodi zinapotea. Tanuri linadhani muda haujaenda, mkanda unangoja, biskuti zinaungua."

"Yaani kila anayechelewa anaunguza trei?"

"Trei nzima."

Nilicheka hadi mama akaja kuuliza kuna nini.

Dawa zake zilikuwa mbili. Kwanza aliizuia mashine isijifungie ndani. Ifungue mlango, ishughulike upesi, irudi. Pili, hodi kumi na nane kwa sekunde aliziona chache kwa kazi ya biskuti nyembamba, kwa hiyo tanuri likiwashwa tu, kidude kile kianze kubisha mara elfu moja. Akaijaribu Jumatatu. Biskuti zilitoka zote za rangi moja, rangi ya dhahabu, kingo zimenyooka. Mama alivunja moja, akainusa, akaitafuna polepole, akasema, "Zimeiva." Kwa lugha ya mama hiyo ni medali. Mume wangu alitembea siku nzima kama amevikwa taji.

Mwisho wa wiki hiyo Mzee wa Geti akastaafu.

Huyu alikuwa mlinzi wetu, mtu wa miaka mingi, na kwa hesabu ya mama alikuwa bado na miezi yake kadhaa mbele. Lakini asubuhi hiyo alipobonyeza namba yake kioo kikaandika, "Umestaafu. Asante kwa utumishi wako." Mama akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Mzee, umefikisha umri?"

"Sijui, Mama Bosi," akasema. "Ila magoti yalikuwa yameanza kuniambia."

Mama hakuwa mtu wa kubishana na mashine. Alituita wote, akatoa hotuba fupi, akamkabidhi Mzee wa Geti zawadi ya kuagwa, saa kubwa ya ukutani yenye picha ya farasi. Siku ya pili Mzee alirudi kazini kama kawaida kwa sababu nyumbani hakuna geti. Mashine ikamkataa. Akatoka nje, akakaa kwenye kiti chake kilekile, saa ya farasi mapajani, akaendelea kulinda kama raia.

Jioni hiyo mume wangu alirudi chumbani uso umempauka. Alikuwa ameangalia pembe ya chini ya kioo, kule kwenye maandishi madogo ambayo mama bila miwani hayaoni na akiwa na miwani hayatafuti. Ile ilikuwa tarehe. Na ile tarehe ilikuwa mbali.

"Nimesahau kitu," akaniambia. "Kile kisehemu kinachosogeza saa bado kinadhani hodi ni kumi na nane. Sasa zinakuja elfu moja, na kila moja kinaisogeza saa kama zamani. Ilinipasa niweke kizuizi, hodi hamsini na kitu zipite kimya, moja tu iende kwa saa. Sikuweka. Kila siku tunayooka, tarehe inaruka karibu wiki tatu."

"Na asubuhi haijirekebishi?"

"Saa mama anaiandika upya. Tarehe haruhusu mtu aiguse."

Nilikaa kitandani. Nikaanza kuhesabu, na nilivyozidi kuhesabu ndivyo moyo ulivyozidi kuchangamka. Mashine haikujali nani kakosa kuja siku zile ilizoruka, maana asiyekuja kazini mama humfuata mwenyewe kwake. Yenyewe ilihesabu tu siku bila kuchelewa. Kwa mwendo ule mwaka wangu ungetimia kabla ya mwezi huu kwisha.

"Mume wangu mpenzi," nikasema, "usiiguse."

"Haiwezekani, lazima ni..."

"Ziwa," nikamwambia. "Chumba chenye roshani. Mlango usiobishwa."

Akafungua mdomo. Mlango ukabishwa. "Taa ya nje mmezima?" Tulipomjibu na nyayo kuondoka, mume wangu aliutazama mlango kwa muda mrefu.

"Nitasubiri likizo yako itoke," akasema. "Lakini mama akiniuliza?"

"Usikae karibu naye."

Wiki mbili zilizofuata mume wangu alipita kiwandani ubavuubavu, na kila alipoiona miwani ya mama anajifanya kakumbuka kitu stoo. Kwikwi zilimwanza hata kabla hajaulizwa. Mimi nilijitia hamnazo. Nilifunga maboksi nikiimba, na kila jioni nilipita nyuma ya mama kuchungulia ile pembe ya kioo. Mwanamke anayefagia akapata likizo, akaondoka hata ufagio hajauegemeza ukutani. Mama alisema tu kwamba mwaka unakwenda mbio siku hizi, na watu wote tukakubaliana naye.

Ikabaki siku moja tu. Kesho yake ndiyo ilikuwa zamu yangu.

Asubuhi hiyo foleni ilianza vizuri, mimi nikiwa wa mwisho. Bwana Moto akabonyeza, kioo kikaandika, "Hongera. Likizo yako imefika." Akatoa kofia ya safari mfukoni, akaivaa palepale, sijui alikuwa akitembea nayo tangu lini. Nyuma yake dada wa kukanda unga, hongera. Nyuma yake dereva, hongera. Wakajipanga pembeni ya kioo kama wasafiri, na tanuri halina mtu.

"Wote?" mama akauliza. "Siku moja?"

"Mashine imesema," Bwana Moto akajibu, kwa upole mkubwa.

Mama aliyatambua maneno yake mwenyewe na hayakumfurahisha. Ndipo alipoingia mwenye duka wetu mkubwa, yule anayechukua nusu ya biskuti zetu zote, na boksi kwapani. Akaliweka juu ya meza.

"Mama Bosi, soma hapa pembeni."

Mama akavaa miwani. "Zimetengenezwa mwezi wa tatu."

"Sasa hivi tuko mwezi gani?"

"Wa tano."

"Basi ni kuukuu?" mama akaongeza.

"Hapana," mwenye duka akasema. "Soma mwaka."

Mama akasoma mwaka. Akalisogeza boksi mbali na macho, akalisogeza karibu, mwaka ukabaki uleule.

"Ni mwaka ujao," akasema polepole.

"Mteja wangu ananiuliza kama anaruhusiwa kuzila sasa hivi au angoje zitengenezwe kwanza. Nimjibu nini? Mimi nauza biskuti, siuzi utabiri."

Mama akageuka, na mume wangu, ambaye alikuwa anarudi kinyumenyume kuelekea stoo, akasimama.

"Mkwe. Mashine iko sawa?"

Akanitazama. Nikamtazama kwa macho yote niliyopewa. Ziwa, macho yangu yalimwambia. Roshani.

"Iko sa..." Kwikwi.

"Sema tena."

"Mashine i..." Kwikwi, kubwa kuliko ya kwanza. Mwenye duka akampa maji. Akanywa, akajaribu mara ya tatu, na kwikwi ikamrudisha nyuma hatua nzima hadi mgongo ukagonga mlango wa stoo.

"Mashine haiko sawa, Mama," akasema, na kwikwi zikakoma papo hapo. Akamwaga yote: hodi kumi na nane, hodi elfu moja, kizuizi alichosahau, tarehe iliyokuwa inakimbia. Hakusema kwamba nilimzuia kuitengeneza. Nampenda sana mume wangu, lakini kwa dakika ile nilimtamani angekuwa mwongo kidogo tu, hata wa kujifunza.

"Kwa hiyo likizo zote hizi si za kweli," mama akasema, na rangi ikaanza kumrudi usoni. "Haya. Vueni kofia."

Niliona ziwa linakauka mbele ya macho yangu. Machozi yalinilenga, na sioni haya kusema. Bwana Moto alishika kofia yake lakini hakuivua.

"Mama Bosi, kidogo," akasema. "Kama inaweza kukosea kwenda mbele, kwa nini zile siku ilizosema tumechelewa iwe imepatia?"

"Hilo ni jambo jingine. Saa ya asubuhi haina kosa."

"Mama Bosi anajuaje?"

"Nalinganisha na saa yangu kila siku," mama akasema, akanyanyua mkono wake na saa yake ndogo ya mkanda wa ngozi. "Haijawahi kupishana nayo hata mara moja. Ninyi mkinililia na saa za simu zenu, mimi nakuwa na mashahidi wawili."

Hapo kila mmoja alikuwa anasubiri mwenzake aseme. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwona akiandika saa ile kila asubuhi na akili yangu haikuwahi kusimama hapo. Aliyesema ni mume wangu, yule anayeogopa hata kuomba chumvi mezani kwa mama.

"Hazipishani," akasema, "kwa sababu unaiandika wewe, Mama. Mashine inasema ulichoiambia."

Hakupiga kwikwi.

Mama akafikiri. Alitazama kompyuta, akatazama mkono wake, na nilimwona akiifuata hesabu hatua kwa hatua hadi mwisho ambao hakuutaka. Mwenye duka akatoa simu yake. Simu ilikuwa nyuma ya saa ya mama kwa robo saa nzima. Mama akasema simu zinajulikana kwa uongo. Basi dirisha likagongwa kutoka nje, na Mzee wa Geti, mstaafu, akanyanyua saa yake ya farasi na kuibandika kwenye kioo. Farasi alikubaliana na simu.

Mama akakaa. Akaifungua saa yake, akaiweka juu ya lile boksi la mwaka ujao.

"Ni baba yako," akaniambia mimi, kana kwamba wengine hawapo. "Mimi nilikuwa mchelewaji. Usicheke. Nilichelewa kila mahali, hata kanisani siku ya ndoa yetu alisimama peke yake mpaka watu wakaanza kumpa pole. Akaninunulia hii, akaisogeza mbele kimyakimya ili nifike na wenzangu. Miaka mingi baadaye ndipo akaniambia, tukacheka. Alipofariki sikutaka iguswe. Halafu nikasahau kama iko mbele."

Nilitaka kumkasirikia. Nilikuwa na hasira ya mwaka mzima, nimeitunza vizuri, na nilijua hata neno la kuanzia. Nikashindwa. Nilimwona tu amekaa pale na mkono wake mtupu, sehemu iliyofunikwa na saa ni nyeupe kuliko nyingine, nikamwonea huruma mpaka nikachukia.

"Mkwe," akasema baadaye, na safari hii ilisikika kama jina la mtu. "Ondoa hiyo robo saa kwa kila mtu. Tuone."

Mume wangu akakaa, akarudisha tarehe mahali pake, akaweka kizuizi chake cha hodi, kisha akazipitia asubuhi zote na kuzirudisha nyuma robo saa. Kuchelewa kukafutika moja baada ya jingine. Kwangu hakukubaki hata kumoja. Mwaka wangu ulikuwa umetimia zamani. Wote walikuwa na likizo za kweli. Bwana Moto alikuwa amechelewa kweli siku nyingi tu, hata kwa saa ya farasi, lakini mama alikuwa ameshachoka kusoma na mume wangu akapita hapo haraka. Mzee wa Geti akarudishiwa ujana wake. Juu kabisa ilikuwepo namba moja, ambayo ni mama mwenyewe. Siku zake za likizo zilikuwa nyingi mpaka tarakimu zikatoka nje ya kisanduku chao.

"Hiyo nini?" akauliza.

"Likizo yako, Mama. Hujawahi kuchukua."

"Mimi siendi popote."

Kisha Bwana Moto akairekebisha kofia yake.

"Mashine imesema," akasema.

Tulimwokea mwenye duka maboksi yake yenye tarehe ya duniani, kisha mama akafunga kiwanda wiki mbili. Saa yake akamwachia Mzee wa Geti aitunze, na akamkataza kuigusa. Siku ya kufunga virago akaja chumbani kwetu, akabisha, akakaa kitandani.

"Huko ziwani mnakokwenda," akaanza, "kuna vyumba vingapi?"

Nililiona linakuja tangu mbali kama gari la taka. Nikamkodolea macho mume wangu.

"Viko vingi tu, Mama," akajibu, bila kwikwi hata moja.

Nyumba ya wageni ilikuwa nzuri. Roshani ilikuwepo, ziwa lilikuwepo, na mama alikuwa chumba cha pili. Hatukuwa hata tumefungua mabegi. Hodi. Mmepata mataulo? Tukakaa roshani, hodi, mmeona hawa wanavyopika mayai, hawayapimii muda kabisa. Siku ya pili asubuhi, mume wangu amenishika mkono ndio kwanza, hodi.

Nikainuka na moto wangu wote. Mume wangu akanivuta.

"Usifungue kila moja," akaninong'oneza. "Nilikosea hapohapo. Tuhesabu, nyingine zipite, tufungue moja tu."

Tukahesabu. Hodi zikapita, za kwanza kali, kisha za kawaida, kisha za mtu asiye na uhakika. Tuliziba midomo kwa mto tusicheke. Halafu zikawa za vidole tu, taratibu, na kicheko kikaniishia. Nikaenda kufungua.

Mama alikuwa amesimama na kandambili, mikono imening'inia. Alitazama ndani, akatazama kitasa, akakuna ule mkono wake mtupu.

"Nilikuja kuuliza saa ngapi," akasema.

Hatukujua. Mume wangu alikuwa ameacha saa nyumbani kwa makusudi na simu zimezimwa.

"Hata nyinyi hamjui?"

"Hatujui, Mama."

"Basi hakuna kinachoungua," akasema, kama anayejiuliza. Akaingia, akakaa ukingoni mwa kitanda chetu. Akasema anapumzisha mgongo kidogo tu. Akapandisha mguu mmoja, akapandisha wa pili, na kabla sijamjibu alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, mchana kweupe, kwenye kitanda cha fungate yangu. Sijawahi kumwona mama amelala mchana tangu nizaliwe.

Nikamfunika shuka. Tukatoka polepole, tukafunga mlango, tukaenda kukaa kwenye ngazi zinazoelekea majini. Mume wangu alianza kunieleza jambo, nikakaa nikisubiri libishiwe hodi, halikubishiwa. Alilisema mpaka mwisho. Lilikuwa jambo refu, la kuchosha, kuhusu namna ya kuzuia hodi zisipotee, na nilimsikiliza lote nimemshika mkono.